Nne ya Wazungu

Pazi alifika na viatu visivyo na vumbi. Kutoka uwanja wa ndege Dar es Salaam hadi Kibuta, kwa lori, kiangazi kile, viatu vinang'aa! Bi Mwanahalima aliliona hilo akalinyamazia. Mama gani atatazama viatu, mwanawe wa pekee karudi baada ya miaka minne ya kumpikia mzungu London?

Simu ya maandishi ilikuja Jumatatu. Aliyeisoma ni Mwalimu Wilbrod, maana Kiingereza cha Kibuta kilikuwa chake peke yake, wala hakukificha.

"Maili elfu nne na mia saba, Bibi! Siku mbili, na kushukashuka njiani. Ndege inatua Alhamisi, saa nne. Weka na saa mbili za lori: adhuhuri yuko hapa."

Basi mama wa watu akaimba siku tatu, kisimani, shambani, jikoni: Alhamisi adhuhuri, Pazi wangu! Kila mwenye masikio alisikia, na wasioonekana pia wana masikio.

Adhuhuri hiyo, jua la utosi, hodi ikapigwa. Akamkaribisha mara tatu kwa furaha. Pazi hakuwa na mzigo. "Unakuja nyuma," alisema. Mchuzi wa kuku aliusukuma kando. "Una chumvi, mama." Akaingia chumbani kulala, na nyumba ikaanza kunuka udi ambao hakuna aliyeufukiza.

Saa kumi Mwalimu akaingia uani, anahema.

"Shikamoo, Bibi. Nisamehe, nimekosea! Ile nne ni ya Wazungu, ndiyo saa kumi yetu. Ndege ndiyo kwanza inatua sasa hivi. Pazi atafika magharibi."

Bi Mwanahalima akamshika mkono. "Sema polepole," alinong'ona. "Yumo ndani, amelala."

"Nani?"

Kutoka chumbani sauti ya Pazi ikauliza, taratibu: "Mama, mwalimu anasema saa ngapi?"

"Namfuata shehe," alisema Mwalimu, Mkristo yule, akatimua mbio.

Bi Mwanahalima akataka kwenda barabarani amuwahi mwanawe, amwambie arudi Dar, arudi hata London kwenyewe, lakini miguu haikunyanyuka, na kila alipofumbua mdomo kuita jirani udi ulimjaa kooni, na jua likazama, na adhana ikaisha, na shehe hajaja, na lori likasikika likipanda mlima, likasimama, likaondoka, na hatua zikaja, nzito, za mtu aliyebeba sanduku.

"Hodi, mama! Nimefika!" ilitoka mlango wa mbele.

Akapiga ukelele kwa nguvu zake zote. Haukutoka.

"Karibu, mwanangu," sauti yake mwenyewe ikaitika kutoka ndani. "Pita, baba. Nimekungoja tangu adhuhuri."

Akasikia mlango ukifunguliwa, sanduku likitua sakafuni, na komeo likirudishwa.