Lugha ya Tano

Fundi alisema ameweka lugha nne, lakini kwenye orodha zilikuwa tano.

Waweru, fundi wa kompyuta aliyekuja na disketi zake kutoka Nairobi, aliteremsha kidole kwenye skrini akihesabu kwa sauti. Kiingereza. Kiswahili. Kikuyu. Kimeru. Chini ya Kimeru kulikuwa na mstari mwingine, mtupu, lakini ulichagulika kama wenzake.

"Mama Anita, hii ya tano ni nani ameweka?"

"Si ni wewe umekaa hapo tangu asubuhi?"

"Mimi sijaweka." Aliufuta mstari. Alipofungua orodha tena, ulikuwa umerudi.

Mama Anita, jina lake Ngendo, alicheka. Huo ulikuwa mwaka wa 1997, na ofisi yake ya kupiga chapa, chumba kimoja kule Majengo mjini Nyeri, ndiyo kwanza ilikuwa imepata kompyuta. Mstari mtupu haungemtisha. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amepiga vijitabu vya mazishi kwa taipureta ya Kiingereza, kisha anachukua kalamu na kuchora kwa mkono vile vijiwimbi vya Kikuyu juu ya i na u, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka kidole kikaota sugu. Ndiyo maana asubuhi ile Waweru alipomuuliza anataka lugha zipi kwenye kibodi, alimjibu kwa mzaha, "Weka zote. Hata ya marehemu weka, si hao ndio wateja wangu?"

Ulikuwa mzaha wa kijinga. Nasema hivyo kwa sababu najua ulikoishia.

Waweru alimwonyesha vitufe viwili vya kubonyeza pamoja ili lugha ibadilike, na mahali pa kutazama jina lake, pembeni chini ya skrini. Kisha akaondoka na disketi zake.

Harufu ilianza siku ya tatu. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Ngendo alifagia, akapiga deki, akafungua dirisha na kuruhusu baridi ya mwezi wa saba iingie. Alipoinama juu ya kibodi ndipo alipojua inakotoka.

Sasa, wapiga chapa wote wa mji ule wana desturi moja: hakuna anayeanza kijitabu cha mazishi upya. Unafungua cha marehemu wa juzi, unamfuta, unamwandika wa leo mahali pake. Nyimbo ni zilezile na maombi ni yaleyale. Jumatatu saa tatu asubuhi Ngendo alifungua kijitabu cha zamani, akabonyeza vitufe viwili kutafuta Kikuyu, na pembeni ya skrini pakabaki patupu. Vidole vilikuwa vimeshaanza kupiga. Yaliyotokea kwenye skrini hayakuwa aliyopiga. Kwa Kikuyu safi, kila kijiwimbi mahali pake, kiliandikika kijitabu cha Moffat, fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye cherehani yake ilikuwa ikisikika ukutani wakati huohuo. Siku ya kufariki: Ijumaa.

Ijumaa mchana cherehani ilinyamaza. Walimkuta Moffat ameinamia suruali ya mteja, futi ya kupimia bado shingoni.

Jumamosi dada yake alikuja kuagiza kijitabu. Ngendo, kwa aibu, akamchapia kile kilichokuwa tayari, maana hakikukosea hata neno.

Dada huyo alisoma, akauliza polepole, "Hii jina ya utoto, nani alikuambia? Hata bibi yake hakuwa anaijua."

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Watiri, mama wa uji, na yeye pia akafa Ijumaa. Ngendo akachomoa plagi. Skrini iliendelea kuwaka. Akaifunika kwa blanketi, na chini ya blanketi vitufe vikaendelea kugonga, taratibu, kama mtu anayejifunza kuandika.

Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na aliona haya tele, lakini alijifunga leso hadi kwenye nyusi akaenda kumwomba maalim wa Majengo aje. Maalim alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuvuka kizingiti.

"Nikimtoa jini humwita kwa jina lake," alinong'ona. "Namuuliza katoka wapi, anataka nini. Huyu hana jina. Ulimwachia nafasi tupu, akaingia."

"Basi nifanye nini, maalim?"

"Hama."

"Na yule ambaye ameshaandikwa?"

Maalim alimtazama kwa huruma, akageuka, akaenda zake.

Aliuliza hivyo kwa sababu asubuhi ile blanketi lilikuwa limeanguka, na kwenye skrini kulikuwa na kijitabu kipya. Kilikuwa cha Anita, binti yake wa pekee, aliyeolewa Tetu na Mutahi, mwenye mimba ya miezi minane. Ijumaa hiyo.

Ngendo alirudi ndani peke yake, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ingawa ilikuwa saa sita mchana, akaketi mbele ya mashine ile isiyo na stima, akafanya kazi aliyoijua kuliko kazi zote duniani: alimfuta marehemu na kuandika mwingine mahali pake. Alimfuta Anita. Akaandika Gladwell Ngendo, aliyezaliwa 1941. Mashine ilimeza Gladwell ikabakiza Ngendo, kisha ikaubadilisha mwaka wa kuzaliwa ukawa 1997. Akaurekebisha. Ukarudi 1997. Mashine imeharibika, aliwaza, na kwa vyovyote kifo hakihitaji jina la ubatizo. Akaacha hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu Moffat afe, alilala usingizi.

Ijumaa alioga, akavaa nguo ya kitenge aliyoipenda, akaenda ofisini kungoja. Hakutaka kufia nyumbani majirani wakasumbuka. Aliogopa, lakini alikuwa na furaha pia. Saa tisa na nusu mlango ukafunguliwa akaingia Mutahi, mkwe wake, akihema, viatu vimejaa matope ya hospitali.

"Mama, pole sijakutumia habari. Anita alishikwa na uchungu juzi, mapema."

"Ako aje?"

"Ako sawa kabisa. Amekula, anaongea."

Ngendo alifumba macho. "Na kijana?" aliuliza, maana kila mtu, hata wakunga wa Tetu, alikuwa amesema tumbo lile ni la kijana.

"Si kijana, Mama. Ni msichana." Mutahi akacheka. "Yule wa kwanza tulimpa jina ya mama yangu. Huyu amepewa yako. Anita alikataa hata kungoja, ameshamwandikisha. Ukimsikia huko wodini, akimbeba anaambia watu, wacheni mama yangu Ngendo alale."

Nyuma yao vitufe vilianza kugonga.

Ngendo aligeuka. Kijitabu kilikuwa wazi, Ngendo, 1997 mpaka 1997, na mbele ya Ijumaa palikuwa pameongezwa saa: saa kumi. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika ishirini na mbili, na hospitali ilikuwa juu ya kilima, na hata angekimbia angefika kufanya nini, amwambie nani, akamkinge mtoto yule kwa mkono gani. Akaketi. Alifuta jina akaandika majina yake yote, na la baba yake, na la ukoo wake, na namba ya kitambulisho chake, na kila mara yakamezwa likabaki lile moja, na mwaka uleule, huku harufu ya udongo ikipanda mpaka Mutahi akaziba pua.

"Mama, hiyo mashine si imezimwa?"

Ngendo alikuwa ameacha kupiga. Alimtazama mkwe wake, kijana mwema aliyekuja mbio kumletea habari, ambaye hakuwahi kumkosea hata siku moja. Alimpenda, na hilo alilijua wakati ule kuliko wakati mwingine wowote. Mshale wa dakika ulisogea. Ngendo alifuta jina la mtoto na kuandika Mutahi Wamae.

"Wewe ulizaliwa mwaka gani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sitini na saba. Kwani hiyo ni fomu ya mtoto?"

"Ndiyo," akasema Ngendo, akaandika 1967, na safari hii mashine haikubadilisha kitu.