Homa Aliyoificha Helka

Kila asubuhi Helka Moilanen aliamka akaikuta nyumba kimya. Shangazi yake, Kerttu, alikuwa ameshatoka na trekta lake kwenda kutengeneza njia za skii msituni kabla watu hawajaamka. Mezani aliacha uji wa shayiri uliofunikwa kwa sahani, na mkate mweusi wenye siagi. Helka alikula peke yake, akavaa tochi yake ya kichwani, akafunga skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, miguuni na kukatiza ziwa lililoganda mpaka shuleni, ng'ambo ya pili.

Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha samaki huko Norwe na alirudi kwa nadra. Watoto wengine wa kijiji cha Petäjälampi walikuwa wamehamia mjini na wazazi wao, akabaki yeye tu. Na tusidanganyane, sisi watu wa huku si wasemaji. Unaweza kukaa sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, na jirani yako mpaka mkamaliza kuoga, na neno pekee mlilosemezana ni kwamba moto umekolea. Kwa mtu mzima hiyo ni raha. Kwa msichana wa miaka kumi na mitatu, ukimya ule uliuma.

Alichokuwa nacho ni skii, na alizijua kwelikweli. Wazee walisema amerithi miguu ya shangazi yake, ambaye zamani alivaa jezi ya taifa la Finland. Kerttu aliacha mashindano angali kijana, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwenyewe ukimuuliza, anakwenda kuongeza kuni jikoni.

Majira yale ya baridi, Kocha Tenho aliwaita wasichana wa shule. "Jumamosi kuna mbio za mchujo," alisema. "Nataka wasichana watatu wa mbio za kupokezana. Watakaochaguliwa wataenda mashindano ya taifa ya vijana. Na kama kawaida, mwenye homa hatii mguu kwenye theluji. Nimesema mpaka nimechoka."

Helka alishtuka kwa furaha. Katika mbio za kupokezana, mwenzako anakusubiri mstarini mpaka umguse, ndipo aondoke. Hebu fikiria, mtu amesimama anakusubiri wewe!

"Wee Helka," alisema Taimi, msichana mchangamfu aliyekaa dawati la nyuma, "ukichaguliwa tutalala chumba kimoja. Nakuonya mapema, mimi nakoroma."

"Koroma tu. Angalau nitajua kuna mtu."

Taimi alicheka sana. Helka hakuwa anatania.

Alhamisi aliamka koo linamkwaruza na mwili unamuuma. Alipima joto. Homa. Alikitazama kipima joto, akakifuta, akakirudisha kwenye droo. Aliona wazi jinsi mambo yatakavyokuwa akisema. Wenzake watapanda basi wakiimba, na yeye atabaki kusikiliza friji ikinguruma. Akanyamaza.

Ijumaa alifanya kosa ambalo sisi wa huku ndio tunaolijua sana. Kwetu kila ugonjwa hupelekwa sauna kwanza, mafua, mgongo, hata huzuni. Helka aliwasha kuni, akakaa benchi la juu kabisa, akamwagia mawe maji mpaka mvuke ukamchoma masikio. Alidhani ataitoa homa kwa jasho. Alipotoka, alishika ukuta kwa kizunguzungu.

"Mbona umekuwa mwekundu hivyo?" aliuliza shangazi.

"Ni mvuke tu, shangazi."

Kerttu alimtazama kidogo. "Haya. Usizidishe," alisema, akarudi kwenye supu yake ya samaki.

Jumamosi walianzishwa mmoja mmoja, wakipishana kwa muda mfupi. Mwanzoni Helka aliteleza vizuri, akajiambia kumbe sauna imesaidia. Lakini kwenye mlima mrefu katikati ya msitu, miguu ikawa mizito, na kifua kikambana kana kwamba amefungwa mkanda. Moyo ulipiga, ukasita, ukapiga tena mbiombio. Aliogopa. Pale hapakuwa na mtu, ni miti na theluji na pumzi zake mwenyewe. Akajikaza, akapiga hatua nyingine, kisha akaketi kwenye theluji.

Taimi, aliyeanza nyuma yake, alimkuta amekaa kando ya njia.

"Umeanguka? Uko sawa?"

Helka alifungua kinywa aseme yuko sawa. Kisha akaona kwamba Taimi akiondoka, atabaki peke yake na moyo ule. Machozi yakamtoka.

"Naumwa. Nina homa tangu juzi. Nilificha."

"Mungu wangu! Wewe una akili kweli?" Taimi alivua skii zake, akamkumbatia ili asipigwe na baridi, akaanza kupiga kelele za kuomba msaada. Wasichana wengine waliwapita, mmoja akaahidi kupeleka taarifa. Taimi hakuondoka mpaka msimamizi alipofika na pikipiki ya theluji.

Hospitalini mjini, daktari alisema misuli ya moyo wa Helka imevimba. "Homa pamoja na mbio ndivyo vilivyoleta haya," alisema. "Utapona, lakini hutakimbia wala kupanda skii mpaka nikuruhusu mimi. Sauna pia, hapana."

Kocha Tenho alimchagua Taimi ingawa hakumaliza mchujo, kwa kuwa alizijua mbio zake za nyuma. Nafasi aliyoitamani Helka ilienda kwa mwingine. Wiki zile zilikuwa ndefu. Helka alikaa dirishani akitazama watoto wa shule wakifanya mazoezi ng'ambo ya ziwa, wadogo kama punje, na hakuna aliyegeuka.

Siku ya mashindano ya taifa, aliamka akamkuta shangazi yake amekaa mezani. Trekta lilikuwa bado uani.

"Leo huendi kazini?"

"Njia zitangoja." Kerttu alizungusha kikombe cha kahawa mikononi. "Unataka kujua kwa nini niliacha skii?"

Helka akakaa.

"Nilikuwa na homa, kama wewe. Kulikuwa na shindano, na nilijua nikikosa, mwingine atachukua nafasi yangu. Nikanyamaza, nikakimbia. Hata medali nilipata. Baada ya hapo moyo wangu haukukubali mbio tena." Alikiweka kikombe mezani. "Niliogopa kuachwa kwa shindano moja, Helka, nikaachwa moja kwa moja. Na sikumwambia mtu, kwa aibu. Ningekuwa nimekuambia wewe mapema, usingepanda mlima ule. Hilo ni kosa langu."

"Mimi nilitaka tu kuwa na watu, shangazi."

"Najua, mwanangu. Na mimi ndiye niliyekuacha na ukimya huu. Lakini nisikilize. Ukiumwa, sema, hata kama utabaki nyuma. Aliyesema hutibiwa, akapona, akarudi kwa wenzake. Aliyeficha huwa mgonjwa, na huwa peke yake, vyote viwili."

Walilia wote wawili, kisha wakala uji.

Majira ya baridi yaliyofuata, theluji ya kwanza ilipokomaa na ziwa kuganda vizuri, daktari alimruhusu Helka kuteleza polepole. Alitoka nje akamkuta shangazi anafuta vumbi kwenye skii za zamani ambazo Helka hakuwahi kuziona.

"Na wewe daktari amekuruhusu?"

"Polepole, ndiyo. Aliniruhusu miaka mingi iliyopita. Nilikuwa sitaki tu." Kerttu alifunga skii miguuni, akayumba, akacheka. "Usinicheke bwana! Twende. Ukichoka utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Na mimi nikichoka nitakuambia."

Hawakufika hata katikati ya ziwa.

"Helka," alisema shangazi, akihema. "Nimechoka."

Helka alisimama, akamsubiri.