Nukta ya Mume Wangu Ilipotea Juu ya Ziwa

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, mwenye duka la vifaa vya mabomba hapa Mabatini, Mwanza. Nawaandikia kwa sababu usingizi umenihama. Msinihurumie haraka... nisomeni kwanza!

Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa rubani wa ndege ndogo ya injini moja. Kazi yake ilikuwa kupeleka watalii kisiwani Rubondo na kuwarudisha Mwanza. Jamani, nilivyokuwa najivunia! Lakini wivu nao nilikuwa nao, siwafichi. Mwanaume anavaa shati jeupe lililopigwa pasi, anapaa na wanawake wa kila rangi, anakwenda mahali nisikoweza kufika... wewe ungetulia?

Jirani yangu wa duka, Mama Zuhura, ndiye aliyeniwekea kwenye simu ile programu inayoonyesha ndege zilizoko angani. Kila ndege ni nukta ya njano inayotembea kwenye ramani. Ukiigusa, inakuambia inatoka wapi na iko juu kiasi gani. Nikawa nauza koki huku jicho liko kwenye simu.

Siku ya kwanza tu, nukta ya mume wangu ilifika upande wa kisiwa cha Kome, ikapotea. Ikaja kuonekana baadaye sana, karibu na uwanja. Safari iliyofuata, hivyo hivyo! Nikamwonyesha Mama Zuhura. Akaguna, akasema, "Mwenzangu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Jioni nikambana mume wangu. Akanieleza kwa upole kwamba ndege yake ina kifaa kiitwacho transponda, kinachowatajia waongoza ndege wewe ni nani na uko juu kiasi gani, na karibu na uwanja wenye ndege nyingi ni marufuku kukizima. Akaapa hakizimi. Ila ndege kubwa ya kutoka Dar ikiwa inashuka, yeye huamriwa kwa redio akae chini, azunguke juu ya ziwa mpaka ile ipite. Ukiwa chini vile, vilima vinakukinga, na programu ya simu haikuoni.

Nikacheka kwa dharau. Vilima! Wenzangu wanadanganywa kwa foleni na mvua, mimi wangu kaja na vilima...

Kuanzia hapo nyumba haikukalika. Nilinusa mashati yake. Akichelewa, niliona ana mwanamke. Akiwahi, niliona kuna jambo anafunika. Alizidi kukonda na kunyamaza, na mimi ule ukimya nikaufanya ushahidi.

Asubuhi moja nikamwambia mlangoni, watoto wakisikia, "Leo ukipotea tena kwenye simu, usirudi hapa. Lala huko huko kwa mwenzio!" Alifunga kamba za viatu, akaondoka.

Mchana nikakaa na simu yangu. Nukta ikaja, ikaja, ikafika Kome... haikupotea! Nikapiga kigelegele dukani, wateja wakashtuka. "Umeona, Mama Zuhura? Leo kanyooka!" Niliona na nukta nyingine, ya ndege ya kutoka Dar. Zikagusana pale kwenye ramani. Sikuwaza lolote. Nikaenda kununua sato nimkaangie mume wangu.

Hakumgusa yule sato. Alikaa kitandani na viatu vyake. Muda si mrefu akasimamishwa kazi, kisha leseni yake ikachukuliwa. Alikuwa amepanda juu kuliko alivyoruhusiwa! Ndege ile kubwa, imejaa watu, ililazimika kumkwepa ghafla. Ni Mungu tu aliyewanusuru.

Mnadhani nilijishtukia? Wapi! Nikasema hiyo ni fitina, wenzake wanamwonea kijicho. Nikaenda mpaka ofisini kwa bosi wake, nikafoka, nikapiga meza. Yule mzee akaniacha nimalize, halafu akaniuliza taratibu, "Mama, ni wewe unayemwangalia kwenye simu?"

Nikasema ndiyo. Akaniambia wachunguzi walimuuliza mume wangu kwa nini alipanda, naye akawajibu, "Nilitaka mke wangu anione."

Nililia mpaka nikaletewa kiti. Watu wote wale... wangekufa kwa ajili ya wivu wangu!

Baba Kulwa ameondoka. Yuko kwao Magu, anachunga ng'ombe wa baba yake. Watoto wananiuliza kila siku atarudi lini. Dada zangu, mume akikueleza kazi yake ina sheria, msikilize. Usimlazimishe achague kati ya sheria hizo na wewe. Mimi nilielezwa nikacheka, leo nani anacheka?

Na msidhani nimepona. Jumapili iliyopita nilimpigia simu. Nikaomba msamaha, nikamwambia ile programu nimeifuta, arudi tulee wanetu. Akavuta pumzi, akasema, "Mama Kulwa, nimekusikia. Acha nifikirie." Moyo ukaanza kutulia. Hapo hapo nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yake, ikimwita. Mdomo ukaniponyoka, "Na huyo nani?"

"Ni mama," akasema. "Ananiita nikale."

Akakata simu. Tangu siku hiyo hapokei. Niombeeni, wasomaji wenzangu, na wewe mwenye ugonjwa kama wangu, tafuta dawa mapema.