Mlango wa Mbele wa Mama Florida

Ndugu zangu wa mtaa huu wa West Side, huku ughaibuni, nisikilizeni, maana hili linatuhusu. Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa kwa jirani yetu Spés tunakula ugali na maharage, watoto wanacheka. Mama yake, Florida, alikaa dirishani akiimba wimbo wa kanisani. Kanisani kwenyewe hakwenda. Miguu ilimuuma, ngazi za ghorofa yao ya tatu, nyumba ya nyuma, zilimshinda, na majira yote ya baridi alisali ndani.

Wiki hiyo chumba cha chini katika nyumba ya mbele, ya mwenye nyumba wao huyohuyo, kilikuwa wazi. Spés na mumewe Jovini wakashuka kukiomba. Yule bwana akawajibu bila haya: "Waafrika wanakaa nyumba ya nyuma. Mbele si kwenu."

Jovini akasema asante.

Msimcheke! Nani kati yetu hakulelewa hivyo katika kambi ya wakimbizi Tanzania? Ukipangiwa kiwanja ulishukuru, hata kikiwa bondeni kwenye maji, maana aliyeuliza alihamishiwa pabaya zaidi. Tumevuka bahari na asante ileile mdomoni.

Walipopanda, walimkuta mama amekwisha kujifunga kitenge chake cha kutokea, anangoja habari njema. Uchungu ukamshika Spés. Akamwambia mumewe, "Kambini tulipewa. Hapa tunapanga kwa pesa zetu. Mimi simshukuru mtu anayemfungia mama yangu ndani."

Jovini aliogopa kufukuzwa. Spés akaenda hivyohivyo kwenye ofisi ya haki za makazi, akaeleza yote kwa Kiswahili, mkalimani akitafsiri. Akaambiwa kwamba kumnyima mtu nyumba kwa rangi yake au alikotoka ni kuvunja sheria, na kumfukuza kwa kuwa amelalamika ni kosa jingine. Kisha ofisi ikamtuma Mzungu akiulizie chumba kilekile kama mpangaji. Huyo alikaribishwa papo hapo. Mwenye nyumba alipobanwa na ushahidi huo alinywea, akatoa ufunguo.

Jumapili baada ya kuhama, Mama Florida alitoka kwa mlango wa mbele kwenda ibadani. Jovini akamnyooshea mkono, mama akaukataa.

"Niache, wanione."

Tulipiga vigelegele barabarani, na mimi nililia kwa fahari.

FUNDISHO

Adabu ni njema, lakini usimshukuru anayekunyima haki yako. Sheria ya nchi hii inamlinda anayepanga na anayenunua nyumba, awe wa rangi, taifa au dini yoyote, awe na watoto au ulemavu. Ila sheria haijui kilichokupata mpaka uende ukaseme. Nenda ukaseme.