Mhunzi wa Jumamosi

Larysa Hnatiuk alikwenda kwenye kijiji cha maonyesho cha walowezi, nje kidogo ya Saskatoon, kumtafutia dada yake kanisa la kufungia ndoa. Ilikuwa Jumamosi ya Julai, watu wamefurika kama siku ya mnada. Yeye na gauni lake la njano alikuwa akirudi nyuma apate kuupiga picha mnara wa kanisa, kisigino kikamkanyaga mtu.

"Jamani, pole kaka!"

"Bibie, hata farasi wangu hukanyaga kwa adabu kuliko wewe."

Aligeuka. Mwanamume mrefu, aproni ya ngozi, masizi hadi kwenye viwiko, macho ya kijivu yanayocheka.

"Nipe namba yako ya simu basi, nikununulie kahawa siku moja."

"Simu? Ipo moja tu, posta. Siku mbili kwa mkokoteni."

"Acha utani wako."

"Huu ni mwaka 1911, bibie. Muulize yeyote."

Ndiyo sheria ya pale. Ukishavaa mavazi ya kale, mbele ya wageni hutoki katika nafasi unayoigiza, hata nyuki akuume. Lakini saa kumi na moja jioni, geti lilipofungwa, mhunzi alitokea maegeshoni kavaa jinzi. Aliitwa Orest Danylko, siku za wiki ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, na namba ya simu alikuwa nayo tele.

Kazi ilimzungusha mashamba ya mbali, kwa hiyo mapenzi yao yakawa ya simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je, mhunzi wangu wa uongo?"

"Nina njaa yako tu."

"Mwone!"

"Kweli tena. Theluji ikija sitaacha moto wako uzime, Larysa. Nitauchochea mpaka mto uvunje barafu."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Larysa aliyabeba hadi dukani kwake, akawa anawapima wateja miwani huku akitabasamu peke yake.

Septemba akaamua kumshtukiza. Alifika Jumamosi, keki mkononi, akakuta kanisa limejaa. Orest alikuwa madhabahuni, suti nyeusi ya kizamani, kamshika mkono Corinne, mwoka mikate wa pale kijijini, na shela yake ya lesi. Larysa hakushtuka. Harusi ya maonyesho ilikuwa imetangazwa getini. Ndipo Orest akafungua kinywa.

"Sitaacha moto wako uzime. Nitauchochea mpaka mto uvunje barafu."

Wageni wakafuta machozi. Keki ikamponyoka Larysa.

"Orest!"

Bwana harusi akageuka, akababaika. "Bibie," akasema, "hapa hakuna Orest. Mimi ni Tomas."

Kanisa zima likaangua kicheko.

Larysa alitoka hajui ashike lipi, aache lipi. Bibi harusi ni wa uongo, sawa. Maneno je? Kama kila Jumamosi anaambiwa Corinne, yeye aliambiwa nini wiki zote nane? Alimpenda nani, fundi au mhunzi? Alikuwa na hasira, na hajui amkasirikie yupi. Iliuma, iliuma sana.

Orest alimfikia karibu na shule ya mbao, akihema. Nyuma yake walikuja wageni kama thelathini, simu juu, wakidhani onyesho linaendelea.

"Larysa, ngoja!"

"Naongea na nani? Tomas?"

"Orest."

"Yale maneno ni ya nani?"

"Ya kwenye karatasi ya maigizo. Nilikuwa nayakariri garini. Nikaona ni mazuri kuliko yangu."

"Nipe yako."

"Hapa? Mbele ya wageni?"

"Hapa hapa."

Orest akavua kofia. "Mimi naitwa Orest Danylko," akatangaza, na sheria ya kijiji ikavunjika mchana kweupe. Kisha ulimi ukamwia mzito. "Mimi… sijui. Naishi kwa mama, chumba cha chini. Usipopiga simu nakula nimesimama. Nataka ukiugua, mimi ndiye… Hapana, usiugue. Nataka unioe. Nikuoe! Yaani…"

"Huyu hajui hata sehemu yake," alinong'ona bibi mmoja. "Twendeni tukaone farasi."

Simu zikashushwa. Wageni wakaondoka mmoja mmoja kwa kuchoshwa, hadi wakabaki wao wawili tu. Larysa alimtazama anavyotoka jasho, na kwa mara ya kwanza siku ile akajua alikuwa mbele ya nani.

"Endelea."

"Nimesahau nilipofika."

"Ulikuwa unaniposa."

"Eh. Hapo."

"Nimekubali," Larysa alisema, machozi yakimtoka. "Ila kwa mama yako hatukai."