Mpelelezi Mlangoni pa Ghala

Jua lilikuwa limeshagusa vichwa vya miti Advera aliposhuka kwenye bodaboda nyumbani kwa baba yake mdogo, Anselm. Shughuli iliyomleta ilikuwa ndogo: kuchukua kompyuta ya zamani, kulala Tabora mjini, na kesho yake kupanda basi la kurudi Nzega, alikofundisha Kiingereza na kuishi na mama yake. Alimwomba dereva amsubiri. Dereva akaitazama nyumba, akayatazama na mabani ya kukaushia tumbaku yaliyojipanga nyuma yake, akasema atasubiri, ila kule kwenye lami.

Alipoulizwa kwa nini si pale pale, aligeuza pikipiki akaondoka.

Nyumba ya Anselm ilikuwa kando ya njia ya kale, ile ambayo misafara iliifuata kutoka Tabora kwenda Ujiji. Wenyeji hawakupenda kuipita giza likiingia. Walisema wapagazi walioangukia njiani hawakuzikwa, na mtu asiyezikwa huitika akiitwa na yeyote. Advera alikuwa ameyasikia hayo tangu utotoni. Baba yao alipofariki, yeye, mama yake na kaka yake Raymundi walikaribishwa hapa, na hapa ndipo walipokulia.

Kompyuta ilikuwa zawadi ya padri mmoja mgeni aliyemaliza muda wake akarudi kwao. Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu. Mpelelezi mwenye kofia na koti refu anatembea katika mji wa rangi nyeusi na kijivu, mji ambao mvua yake haikatiki, akimtafuta mlinzi wa ghala aliyepotea. Kila likizo Advera na Raymundi waliketi mbele yake na kamusi mapajani, wakiwahoji wauza baa, mabaharia na wanawake wenye sigara ndefu. Kiingereza anachokifundisha leo alikianzia pale. Mwisho wake walikwama kwenye mlango wa ghala. Ulihitaji ufunguo, na ufunguo hawakuuona popote. Wakawekeana sharti: hakuna atakayeufungua mlango ule bila mwenzake.

Halafu Raymundi akafa. Homa ya ghafla, walisema. Advera alikuwa bweni, alifika akakuta kaburi limeshafunikwa. Wiki ile ile mama yake alifunga virago wakahamia Nzega, na tangu hapo, miaka kumi sasa, hakukanyaga tena kwa shemeji yake.

Kwa hiyo Advera hakumwambia mama anakwenda wapi. Alikuwa amewakuta wanafunzi wake wakicheza mchezo wa upelelezi kwenye simu, na moyo ukamwuma. Akampigia baba mdogo kuuliza kama kompyuta ipo bado. Anselm alifurahi mno. Alimwambia aje tu, aje jioni, yeye atakuwa anarudi kutoka Urambo, na alale.

Mke wa Anselm, Agnetha, alisimama mlangoni mikono kifuani.

"Shikamoo, mama mdogo."

Hakuitikia. Alimwuliza nani amemwita. Advera alipomtaja baba mdogo, Agnetha akaiangalia njia, kisha akaangalia jua.

"Kiko stoo hicho kitu. Chukua uondoke kabla hajafika."

Hakumpa kigoda. Hakumpa hata maji. Advera aliumia, lakini hakuwa amekuja kugombana. Akazunguka nyuma ya nyumba hadi stoo, chumba kilichopakana ukuta kwa ukuta na bani la kwanza.

Ndani kulinuka tumbaku mbichi.

Alitegemea kuikuta kompyuta chini ya magunia. Ilikuwa juu ya meza, imeunganishwa na umeme, kioo kimefutwa. Mbele yake kigoda, kimekaliwa mpaka kikang'aa. Advera akagusa vitufe, akarudisha mkono haraka. Vilinata. Aliyewahi kuchuma majani ya tumbaku anaijua gundi ile nyeusi, inayoganda kwenye vidole na kukataa sabuni.

Ilikuwa bado mbichi.

Akajiambia labda vibarua huingia humu kucheza. Akabonyeza kuwasha, ahakikishe inafanya kazi kabla ya kuibeba. Feni ikaunguruma. Kioo kikawa cheusi, kikawa kijivu... Mvua ikaanza kunyesha. Saksafoni ikalia ule wimbo wa taratibu, na Advera akajikuta anatabasamu peke yake gizani.

Mchezo ulikuwa umehifadhiwa mahali pamoja tu. Akaufungua.

Mpelelezi alikuwa amesimama mlangoni pa ghala.

Mlango ule ule. Akaangalia mifukoni mwa koti vitu vilivyokusanywa, na tabasamu likamtoka. Kila kitu kinachookoteka katika mji ule kilikuwemo. Kila mtu alikuwa ameshaulizwa kila swali. Kuna mtu aliuzunguka mji ule jioni baada ya jioni, kwa miaka. Na ndani ya mfuko wa kushoto, chini kabisa, ulikuwepo ufunguo wa ghala.

Mtu huyo alikuwa na ufunguo. Na hakufungua.

 Kidole cha Advera kilikuwa juu ya kipanya. Hakuchagua kufungua. Alichagua kubisha hodi, na yule mpelelezi akainua mkono.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kimya. Mvua ya kiooni tu...

Ngo. Ngo. Ngo.

Hii haikutoka kwenye kompyuta. Ilitoka ukutani. Upande wa bani.

 Baada ya hodi ikaja sauti, nzito, ya mdomo uliofumbwa, kama ya mtu asiye na ulimi. Mmm... mm... mmm... Ilikuwa inaufuata wimbo wa saksafoni. Ulipofika mahali unapopanda, sauti ile ikakosea, ikashuka. Palepale Raymundi alipokuwa akikosea siku zote, na Advera akimcheka.

"Zima."

Agnetha alikuwa nyuma yake. Hakuwa amesikia mlango.

"Mama mdogo, yule ni nani?"

"Zima kwanza, wataamka wengine."

Advera akazima. Sauti ya ukutani ikaendelea kidogo, ikakata. Agnetha alizungumza kwa kunong'ona, bila kumtazama, kwa hasira ya mtu aliyelazimishwa kutoa siri. Alisema wale wengine, misukule wa Anselm, wakitoka shambani husimama walipowekwa mpaka kesho. Yule mmoja hakutulia. Alikuwa akigonga paji la uso ukutani mpaka damu. Siku moja Agnetha akamkalisha mbele ya kompyuta, akanyamaza. Basi ikawa kila Anselm akisafiri, anamleta.

"Kaburini tulimzika nani?" Advera aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Shina la mgomba."

Nje, mbali, mbwa alibweka mara moja akaacha.

"Na wewe hukuitwa kwa ajili ya hicho kitu," Agnetha akasema. "Huyu ameanza kuchoka. Anselm anataka mwingine wa damu ile ile."

Mtu mwenye akili zake angekimbilia barabarani. Advera alitoka akaenda bani. Agnetha akamshika nguo, akamnong'oneza sikioni kwamba akitaka kuona aone, lakini asimwite jina, maana akiitika hataachana naye tena. Mlango wa bani ulikuwa mfupi. Aliinama akaingia.

Joto. Majani yaliyoning'inia yakimgusa uso kama mikono. Mwanga wa mwisho wa jioni uliingia kwa nyuma yake ukaangukia mtu aliyeketi chini, ameuelekea ukuta, paji la uso likiwa kwenye udongo.

Akageuka.

Alikuwa Raymundi. Hakuwa ameongezeka hata siku moja. Ni kijana yule yule, ila mifupa ya mashavu imejitokeza, na miguu ni myeupe kwa majivu hadi magotini. Macho yake yalimpitia Advera kama yanavyopitia nguzo. Lakini kwenye mkono wa kulia, juu ya goti, kidole cha shahada kilikuwa kinabonyeza. Kinabonyeza. Kinabonyeza.

 Mdomo wa Advera ukafunguka wenyewe.

"Ray..."

Kiganja cha Agnetha kikamziba. Lakini nusu ya jina ilikuwa imeshatoka.

Gizani, nyuma ya majani, miguu mingi ikasogea kwa pamoja.

Raymundi akaanza kuinuka.

Wakati huohuo taa za gari zikamulika njiani. Agnetha alimvuta Advera nje, akamsukuma kuelekea shambani kwa nguvu hadi akaanguka magoti.

"Kimbia. Na usirudi kunishukuru."

Alikimbia. Majani mapana ya tumbaku yalimpiga kifuani. Aliacha kiatu kimoja, aliacha mkoba. Nyuma yake aliisikia sauti ya Anselm, tulivu kabisa, ikimwuliza mkewe mgeni yuko wapi. Jibu hakulisikia. Alisikia kofi.

Kesho yake alirudi na askari wawili na padri mzee aliyewahi kumbatiza. Anselm aliwapokea vizuri, akawafungulia mabani yote. Mlikuwa na tumbaku tu. Kwenye ukuta wa bani la kwanza kulikuwa na doa jeusi usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi. Anselm alisema bati linavuja. Stoo waliikuta kompyuta chini ya magunia, vumbi lake unaweza kuliandika kwa kidole, waya umegugunwa na panya. Askari mmoja aliufungua mfuniko wake. Nyigu walikuwa wamejenga ndani.

Agnetha alileta chai. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Alipoulizwa, alisema huyu mtoto hakufika jana, wala hajamwona tangu msiba wa kaka yake. Kisha akamtazama Advera kwa chuki ya wazi, chuki isiyo na maigizo, na Advera akaelewa kwamba asiseme neno jingine. Padri alimshika bega akamwambia kwamba majonzi huwa na njia zake.

Aliyekataa kuyaita majonzi alikuwa dereva wa bodaboda peke yake. Alimpeleka stendi bila kudai nauli, na pale stendi akamweleza kilichomfanya aendeshe kwa kasi vile jana. Kwamba alipomwona akitokeza shambani, alidhani wanakimbia wawili. Yule wa nyuma alikuwa amenyoosha mikono. Si kama anayetaka kukamata, alisema. Kama anayeomba asubiriwe.

Nzega alimkuta mama yake uani, ungo mapajani, akichagua mchele. Advera aliketi kwenye mkeka akamweleza yote, kuanzia simu ya baba mdogo hadi maneno ya dereva. Alitegemea kilio. Alitegemea kuambiwa amechanganyikiwa, aende hospitali ya Kitete akapimwe. Mama hakumkatiza, wala hakumwuliza kama ni kweli. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe na kuyatupa mchangani, moja, jingine, jingine.

Hadithi ilipokwisha, vidole vikasimama.

"Amekonda?" mama aliuliza.

Advera alimtazama, akaikumbuka wiki ile ya kufunga virago, akangoja aseme kitu kingine, chochote.

Mama akapepeta mchele.