Tisini na Nne Kidoleni

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imejikunja mpaka nje ya mlango, na watu wamenuna kama walioibiwa. Katikati yao alisimama binti aliyekuwa akisomea shahada ya pili, gauni lake la bluu limeloa jasho mgongoni, akimwomba Mungu muuzaji aongeze kasi. Ndipo kijana aliyekuwa mbele yake alipogeuka. Ingawa ilikuwa asubuhi mapema, alikuwa amevaa suti ya zambarau, na ua la plastiki kifuani.

"Mabibi na mabwana," akanguruma, "tumpokee kwa makofi mama wa vidonge vya presha! Anasogea dirishani, taratibu, kwa madaha!"

Mama wa watu akasogea kwa madaha kweli. Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Wewe una wazimu?" binti akamuuliza huku anafuta machozi ya kucheka.

"Mimi mshereheshaji wa harusi. Havipishani sana. Wananiita Kipaza, nimefuata vidonge vya koo. Na wewe, mrembo, unaumwa nini?"

"Siumwi. Nanunua kifaa cha kupima hewa kwenye damu. Nakihitaji kwenye utafiti."

Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kama kibanio cha kuanikia nguo. Muuzaji alipotaka wakijaribu, Kipaza alishatoa kidole kabla hajaombwa. Binti akamshika mkono, akakibana, akasoma.

"Hewa tisini na nane, safi kabisa. Lakini moyo unakwenda mbio. Mia na kumi!"

"Ulikuwa umetulia kabla hujanishika, Profesa."

Jina la Profesa likaganda hapohapo, na wao wakagandana vilevile. Profesa alikuwa akisomea jambo ambalo Kipaza hakuchoka kulitania: kwa nini ugonjwa mmoja unamuua mtu wa nchi hii, na mtu wa nchi ile unamlaza siku mbili tu kisha anarudi kazini. Kwenye ukuta wa chumba chake alibandika ramani ya dunia, kila nchi imepakwa rangi kulingana na umri wanaofikisha watu wake.

"Sisi tuko rangi gani, kipenzi?"

"Nyekundu iliyokolea."

"Basi nioe wewe, unihamishie kwenye kijani."

Kwa kuwa kifua cha Kipaza kilikuwa na tabia ya kubana, Profesa alimpa kile kifaa kiwe zawadi. Kila asubuhi simu ya Profesa ikawa inalia ujumbe: tisini na nane, na kopa jekundu pembeni. Wengine hutumiana mashairi, wao walitumiana namba, na mapenzi yakakolea.

Mambo yaliharibika ulipokuja ufadhili wa masomo. Profesa aliitwa kwenye usaili, na akifaulu, angekwenda ng'ambo miaka miwili. Habari hiyo aliitoa Jumapili, mezani kwa shangazi yake.

"Ukipanda ndege, mimi naanguka hapahapa!" Kipaza akapiga ukelele, akashika kifua, akapepesuka, akajibwaga sakafuni. Ulikuwa mchezo wake wa kila harusi, wa kuzimia bibi harusi anapoingia. Shangazi alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Profesa hakucheka.

"Hili ni jambo la maisha yangu, na wewe unalifanyia maigizo," akamwambia mlangoni.

"Nilikuwa natania tu, laazizi."

"Tatizo lako ni hilo. Hujawahi kusema kitu ukamaanisha."

Kwa hiyo asubuhi ya usaili, simu ilipoita akiwa anafunga vifungo vya blauzi yake nyeupe, tayari alikuwa na kinyongo.

"Profesa... kifua kinabana. Siwezi kupumua vizuri."

"Leo? Leo hii, saa hii?"

"Kweli... siyo mchezo."

"Washa kamera. Weka kidole."

Akawasha. Picha ilikuwa na giza, na Profesa hakuitazama sana. Alichotazama ni namba.

"Tisini na nne. Huna neno, Kipaza. Mtu asiyepumua hawezi kuwa na tisini na nne. Kama hutaki niende, sema kiume, usijifanye mgonjwa!"

"Mpenzi, nisikilize..."

Akakata. Akapaka rangi ya mdomo, akaondoka.

Kabla ya usaili kulikuwa na mhadhara kwa waombaji wote wa ufadhili. Mhadhiri mgeni, mmoja wa wasaili, mama wa makamo aliyevaa miwani mikubwa, alipanda jukwaani, akachomoa mfukoni kifaa kilekile, akakibana kwenye kidole chake cheusi.

"Wote mnakijua," akasema. "Kinapitisha mwanga kwenye ngozi, kinasoma damu. Lakini vifaa vingi vya namna hii vilipokuwa vikitengenezwa, vilijaribiwa zaidi kwa watu weupe. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Kinakwambia tisini na nne, kumbe damu imeshuka chini ya tisini, na mgonjwa wako anakata roho huku mashine inamsifu."

Profesa alipigwa na butwaa. Kalamu ikamdondoka bila yeye kujua. Miezi yote ile alikuwa akitazama rangi za ramani ukutani, akidhani ukosefu wa usawa ni kitu cha kutafuta kwenye nchi na takwimu. Kumbe ulikuwa umebana kidole cha mpenzi wake, na yeye ndiye aliyeununua na kuufunga kwa utepe.

Alisimama akawakanyaga watu miguu mpaka nje. Akapiga simu. Ikaita, ikaita. Aliyepokea ni dada yake Kipaza.

"Wifi, tuko hospitali tangu asubuhi. Wametuweka kwenye benchi. Wanasema mashine inaonyesha hana neno."

"Yeye anasemaje?"

"Hasemi kitu, wifi."

Kipaza hasemi kitu! Usaili ukamtoka akilini palepale, akadandia bodaboda, viatu vya kisigino mkononi.

Alimkuta ameinama kwenye benchi la mapokezi, shati limelowa, mabega yakipanda na kushuka kwa shida, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Alimtazama Profesa, akajaribu kutabasamu, pumzi ikamkatalia. Kidoleni namba ilikuwa inang'aa.

"Muuguzi, naomba huyu achukuliwe damu mshipani, ipimwe hewa. Hiki kifaa kinaweza kudanganya."

"Dada, tisini na nne hiyo. Wako walio chini ya hapo. Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyemwambia hana neno. Usirudie kosa langu. Mtazame midomo!"

Muuguzi akatazama. Uso wake ukabadilika, akaita daktari kwa sauti iliyogeuza shingo za ukumbi mzima. Damu ikachukuliwa, na majibu yaliporudi daktari aliyasoma mara mbili: themanini na tatu. Kipaza akakimbizwa ndani, akavishwa barakoa ya oksijeni.

Daktari alibaki amesimama pale mlangoni, kifaa kimo mkononi mwake.

"Nimekiamini hiki tangu nianze kazi," akasema polepole. Kisha akageuka kutazama benchi, na Profesa naye akageuka. Walikuwa wamekaa wengi, kila mmoja na namba yake nzuri, wakisubiri kuambiwa warudi nyumbani. Muuguzi alishaanza kuwatazama midomo, mmoja baada ya mwingine.

Siku kadhaa zilipita ndipo Kipaza akapata sauti, ya kukwaruza. Profesa alikuwa kando ya kitanda, macho yamevimba.

"Mhadhiri amenipigia. Watanisaili upya, wiki ijayo."

"Nenda. Kasome." Akavuta pumzi. "Lakini nina donge. Nilikwambia siwezi kupumua, wewe ukakiuliza kidole."

Profesa alilia kwa sauti, hakujali wagonjwa wengine. "Nisamehe. Nilikuona mwigizaji, nikaiamini namba. Nilikuumiza."

"Uliniumiza. Na mimi nilikuzoesha utani mpaka ukweli wangu ukakosa mahali pa kukaa." Akachomoa kile kifaa kidoleni, akakiweka mezani. "Kuanzia leo, uniulize mimi."

"Nitakuuliza wewe."

"Basi niulize."

Profesa akafuta machozi kwa kiganja. "Unajisikiaje?"

Kipaza hakurusha mkono wala hakunguruma. "Naogopa. Tangu pale kwenye benchi, bado naogopa. Nilidhani nitakufa nawe umenikasirikia." Akapumzika kidogo. "Na nataka kukuoa. Ukirudi, au kabla hujaenda, wewe ndiye utakayesema."

Profesa alitafuta utani usoni mwake, kwenye macho, kwenye midomo iliyoanza kurudi rangi yake. Hakuuona.

"Kabla sijaenda," akasema.